Barua ya Mjumbe na Vyeti vya Shina

Marehemu baba yangu alikuwa mjumbe wa nyumba kumi kwa miaka mingi hapa Dutumi, Kibaha vijijini, jirani na Kisarawe. Hakuwa na ofisi. Ofisi yake ilikuwa kigoda chini ya mwembe, daftari la shule na kalamu ya wino wa buluu aliyoitunza kuliko alivyoitunza saa yake. Mtu akitaka kufungua hesabu benki, kumdhamini ndugu yake polisi, au kwenda kutafuta kazi Dar es Salaam, safari yake ilianzia pale kwenye mwembe. Baba alimuuliza maswali ambayo majibu yake aliyajua tayari, kisha akachana karatasi na kuandika kwamba aliyeshika barua hii ni mkazi wa shina lake, anamfahamu, na hana rekodi mbaya. Mwenye barua aliipeleka kwa uongozi wa kijiji, huko ikagongwa muhuri. Kutoka hapo ikaenda katani, na ikibidi, wilayani.

Nilipokuwa mtoto nilidhani uzito wa barua ile uko kwenye muhuri. Baadaye nilipoanza kutumwa kuzipeleka ndipo nilipoelewa. Yule wa wilaya hakumjua mwenye barua, wala hakumjua baba. Alichokijua ni muhuri wa kata. Yule wa kata aliujua muhuri wa kijiji, na yule wa kijiji aliujua mwandiko wa baba. Baba peke yake ndiye aliyemjua mtu mwenyewe, na hata mbuzi wake. Kila mmoja alimwamini yule aliye karibu naye, na imani ikapanda ngazi hadi kwa mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Dutumi.

Mfumo huo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU katika miaka ya 1960, na CCM ikaurithi ilipozaliwa mwaka 1977. Lakini ngazi za namna hiyo ni za zamani kuliko chama. Wadachi waliweka maakida juu ya majumbe, na barua ya akida ilimfungulia mtu njia au kumfunga. Ndio waliotuachia pia kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi, ambayo mwenye shamba alitia alama kwa kila siku iliyofanyika. Jirani zetu wa Kenya, chini ya Waingereza, walitundikwa kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati. Nakitaja kipande kwa sababu moja tu: kilikuwa hati inayomhusu mtu, lakini ukweli wake ulikuwa mali ya yule aliyekitia saini. Mzee aliyefanya kazi siku 30 na kutiwa alama 25 alikuwa amefanya siku 25.

Kuna jambo jingine linalofanya barua kama zile ziwe za lazima, nalo ni majina. Jina letu tu, Dutumi, lipo zaidi ya mara moja. Iko Dutumi nyingine upande wa Morogoro, katika nchi ya Wakutu, nayo ndiyo iliyoingia vitabuni kwanza, kwa kuwa Burton na Speke walipita pale mwaka 1857 wakiwa hoi kwa homa. Nimewahi kuonyeshwa kwa furaha maandishi ya wasafiri wale kuhusu “kijiji chenu”, nami nikalazimika kumvunja moyo mwenye kuyaleta. Jina ni lile lile, ila mahali ni pengine. Ndugu msomaji alishike hilo, kwani yote yanayofuata yanahusu jina na mwenye jina.

Sasa niruke miaka mingi hadi Oktoba 2021. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa akijiandaa kwenda chuo. Sisi Wazaramo tunajua mjomba ni nani kwa mpwa. Zamani neno la mjomba lilikuwa zito kuliko la baba mzazi, na katika ukoo wetu uzito huo haujaisha wote. Kijana huyu alikuwa na kompyuta ya mkononi aliyoinunua kwa mtu, kuukuu, yenye mfumo wa Windows 7, ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Januari 2020. Ndani ya kompyuta hiyo alikuwa na pochi. Si pochi ya ngozi, bali programu inayotunza funguo za siri za sarafu za mtandaoni. Alikuwa ameweka humo fedha za ufuta wa mama yake na za mbuzi wawili, jumla shilingi milioni moja na laki nne, akiamini zitapanda kabla ya muda wa kulipa ada. Sikupenda, lakini sikumkataza. Mwenyewe nilikuwa nimesikia mwezi Juni mwaka ule Rais Samia Suluhu Hassan akiitaka Benki Kuu ijiandae kwa ujio wa fedha hizo, nikaona labda kijana ameona mbele kuliko mimi. Nilikuwa nimesahau kwamba Novemba 2019 Benki hiyo hiyo ilikwisha kutangaza kwamba fedha halali nchini ni shilingi tu.

Basi, siku moja pochi ikagoma. Ilisema haiwezi kumthibitisha yule inayezungumza naye upande wa pili. Kijana akahangaika siku mbili, kisha akaomba msaada kwa watu wa mtandaoni, na mmoja akamtumia faili. Akaambiwa alifungue, akubali, na kila kitu kitarudi. Alipolifungua, kompyuta ikatoa onyo kwa Kiingereza, nalo alinisomea pale pale uani. Ilisema inataka kuongeza cheti kipya katika orodha ya wanaoaminiwa. Ilisema haiwezi kujua kama cheti hicho kinatoka kweli kwa yule anayetajwa. Ikataja na alama ndefu ya tarakimu na herufi, ambayo kwa lugha yao inaitwa alama ya dole gumba. Halafu ikauliza: ndiyo au hapana?

“Mjomba, nibonyeze?”

Nitasema nilichomjibu, lakini kwanza nieleze nilichokuja kujifunza baadaye kuhusu orodha ile, maana siku hiyo sikuwa najua hata kwamba ipo.

Kompyuta mbili zinapotaka kuzungumza kwa siri, kufungiana maneno ndani ya kufuli si kazi ngumu. Kazi ni kujua unayefungiana naye ni nani. Unaweza kufungiana vizuri kabisa na mwizi. Ndipo wataalamu walipobuni vyeti: hati ya kidijitali inayosema ufunguo huu ni wa jina hili, na chini yake saini ya mtu wa tatu anayethibitisha. Kanuni za hati hizo, ziitwazo X.509, zilitolewa mwaka 1988, kabla watu wengi hawajajua intaneti ni nini. Kampuni ya Netscape ilipoanza kuuza kivinjari chake katikati ya miaka ya 1990 ikataka watu waweze kununua vitu mtandaoni, ikazichukua kanuni hizo. Lakini saini ya mtu wa tatu nayo inahitaji kuthibitishwa na wa nne, na huyo na wa tano, na lazima mahali fulani mnyororo usimame. Unasimama kwenye cheti ambacho kimejitia saini chenyewe. Hakuna anayekithibitisha. Kinaaminiwa kwa sababu kimo kwenye orodha, na orodha imo ndani ya kompyuta tangu siku unainunua.

Vyeti hivyo wenyewe wanaviita vya mzizi. Mimi naviita vyeti vya shina, na aliyewahi kupanga foleni kwa mjumbe atanielewa.

Kuingia kwenye orodha ile kuligeuka biashara kubwa. VeriSign ya Marekani ilianzishwa mwaka 1995 kwa kazi hiyo. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Cape Town, akaanzisha kampuni yake huko Afrika Kusini, akaiita Thawte. Akafaulu kuingiza cheti chake katika vivinjari vya wakubwa, na mwaka 1999 VeriSign ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 575. Mwaka 2002 akatumia sehemu ya fedha hizo kwenda anga za juu kwa chombo cha Warusi. Nakiri nilipoisoma habari hii nilijisikia fahari isiyo na sababu: Mwafrika naye alikuwa mjumbe wa shina la dunia.

Orodha zinatunzwa na wachache. Microsoft ina yake, Apple ina yake, Google na Mozilla vilevile. Kwa kawaida kila moja ina vyeti zaidi ya 100, na yeyote kati ya hao zaidi ya 100 anaweza kuthibitisha jina lolote duniani. Hapa ndipo baba yangu angetikisa kichwa. Mjumbe wa Dutumi aliandikia watu wa nyumba zake kumi. Hakuweza kumtambulisha mtu wa Mlandizi hata angetaka. Mjumbe wa kompyuta hana mpaka. Shina moja likioza, hakuna nyumba iliyo salama.

Na kuoza kulitokea. Mwaka 2011 kampuni ya Kiholanzi iitwayo DigiNotar iliingiliwa na wadukuzi, nao wakajitengenezea vyeti zaidi ya 500 vya majina wasiyoyamiliki. Kimoja kilikuwa cha jina la Google. Mwezi Agosti mwaka ule ikagundulika kwamba cheti hicho kilikuwa kikitumiwa dhidi ya watu wa Iran: mtu alifungua barua zake za Gmail, kufuli likaonekana mahali pake, kumbe katikati amekaa mwingine anasoma. Anwani za mtandao zilizoguswa zilikadiriwa kufika 300,000, karibu zote za nchi ile. Fikiri jambo hilo: mtu wa Tehran ambaye hajawahi kusikia jina la DigiNotar barua zake zilisomwa kwa sababu ya uzembe wa watu wa Uholanzi, na kompyuta yake ilikuwa imewaamini watu hao kwa niaba yake bila kumwuliza.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Watunza orodha wakakifuta cheti cha DigiNotar. Lakini kampuni ile ilikuwa ikitoa vyeti pia kwa idara za serikali ya Uholanzi. Kuifuta kulimaanisha kwamba ofisi za umma zisizo na hatia nazo zitaonekana za kughushi. Serikali ikachukua uendeshaji wa kampuni, ikahangaika kubadilisha vyeti vya idara zake, na kabla ya Septemba kwisha DigiNotar ikatangazwa mufilisi. Kumwondoa mjumbe mwovu ni rahisi. Kazi ni kuzipitia upya barua zote alizowahi kuandika, ambazo nyingi zilikuwa za kweli.

Msomaji atauliza haya yanahusiana vipi na sarafu za mtandaoni, ambazo sifa yake kuu ni kwamba hazimhitaji mjumbe. Ni kweli, hivyo ndivyo zilivyokusudiwa. Aliyejiita Satoshi Nakamoto alitoa waraka wake wa Bitcoin Oktoba 2008, na mtandao wenyewe ukaanza Januari 2009. Nia ilikuwa watu wawili walipane bila benki na bila mtu wa tatu. Katika daftari lile la pamoja hakuna majina. Kuna anwani tu, mfululizo wa herufi na tarakimu kama 30 hivi, zisizosomeka wala kukaririka. Mwenye ufunguo wa siri wa anwani ndiye mwenye fedha, basi.

Lakini binadamu hamlipi mfululizo wa herufi. Anamlipa muuza duka. Akitumiwa anwani kwa barua pepe, atajuaje kwamba ni ya muuza duka na haikubadilishwa njiani? Jina likarudi kwa mlango wa nyuma, na pamoja nalo mjumbe.

Mwaka 2013 Gavin Andresen, aliyekuwa kiongozi wa waandishi wa programu ya Bitcoin, pamoja na Mike Hearn, walipendekeza utaratibu uliopewa namba BIP 70. Muuza duka angetuma ankara iliyotiwa saini kwa cheti chake cha kawaida, kile kile cha tovuti yake. Pochi ingefuata mnyororo wa saini hadi kwenye cheti cha shina, na ikiridhika ingemwonyesha mlipaji jina badala ya herufi. Programu kuu ya Bitcoin ikaupokea utaratibu huo katika toleo la 0.9.0, Machi 2014. Hivyo pochi ya fedha isiyomwamini mtu ilipofunguliwa ilisoma kwanza orodha ya wanaoaminiwa iliyomo kwenye kompyuta, ile ile iliyotunzwa na akina Microsoft na Apple. Ilikipitia cheti kimoja kimoja, ikakiruka kilichokwisha muda na kilichopigwa marufuku. Mwenye pochi aliachiwa mlango: kwa maandishi machache ya amri angeweza kuipa faili la vyeti alivyovichagua mwenyewe, au kuiambia isiamini chochote. Ni wangapi walioutumia mlango huo? Mimi nadhani ni wale tu waliokwisha kujua hatari, yaani wasiouhitaji sana.

Ubishi ulikuwa mkali. Waliopinga walisema tumekimbia benki ili tuwaangukie wauza vyeti. Waliotetea walisema ni afadhali mjumbe mwenye kasoro kuliko kulipa gizani. Naona kila upande ulikuwa na haki yake, na sina hakika ningesimama wapi.

Majibu hayakuchelewa, ingawa yalitokea upande ambao hawakuutazamia. Tarehe 7 Aprili 2014, majuma matatu tu baada ya toleo lile, ulitangazwa udhaifu ulioitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu ya msaada ambayo dunia nzima iliitumia kwa kazi ya vyeti na kufuli. Udhaifu huo uliweza kuvujisha yaliyomo katika kumbukumbu ya kompyuta. Na pochi ya Bitcoin ilikuwa imeingia hatarini kwa njia ya utaratibu ule ule wa ankara zenye saini. Kesho yake likatolewa toleo la 0.9.1 kuziba tundu. Cheti chenyewe hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye mkono uliokishika. Ni kama mjumbe mwaminifu anayeandika barua zake ndani ya nyumba isiyo na mlango.

Utaratibu ukaendelea kudhoofika. Waandishi wa programu wakaanza kuuondoa kidogo kidogo, na katika toleo la 0.20 la Juni 2020 haukuwamo tena, wala OpenSSL haikuwamo. Pochi hiyo haisomi tena orodha ya mashina. Inamwachia mlipaji kazi ya kujua anamlipa nani.

Wengine walikuwa wamechagua njia nyingine mapema. Electrum, pochi iliyoanzishwa na Thomas Voegtlin mwaka 2011, huzungumza na seva ambazo mtu yeyote anaweza kuziendesha. Wengi wao wana vyeti vilivyojitia saini vyenyewe. Pochi hukipokea cheti siku ya kwanza, hukikariri, na siku nyingine kikibadilika hushtuka. Ndivyo tunavyofanya sisi na muuza samaki mgeni. Siku ya kwanza unajihatarisha. Siku ya pili unamtambua kwa sura. Lakini kumtambua mtu si kumjua tabia. Desemba 2018 wezi walianzisha seva zao wenyewe katika mtandao huo wa Electrum, zikawa zinawatumia wateja ujumbe wa uongo kwamba wapakue toleo jipya. Waliopakua walipoteza mamia ya bitcoin. Mawasiliano yao yalikuwa yamefungwa kwa kufuli zuri kabisa. Walikuwa wakizungumza kwa siri na mwizi.

Na yapo matukio ambapo vyeti vilifanya kazi yao sawasawa, binadamu ndiye aliyekataa kusikia. Tarehe 24 Aprili 2018 wadukuzi waliteka njia za mtandao zinazoelekea kwenye huduma ya majina ya Amazon. Waliokuwa wakifungua pochi ya mtandaoni ya MyEtherWallet wakapelekwa kwenye tovuti ya bandia. Wezi hawakuwa na cheti cha kweli. Walikuwa na cha kujitia saini wenyewe, na vivinjari vikatoa onyo kubwa. Wapo walioona onyo, wakabonyeza kuendelea, wakaandika siri zao. Kwa muda wa saa mbili hivi ziliibwa sarafu za thamani ya dola kama 150,000. Zamani niliposimuliwa habari kama hizi nilikuwa nasema wale ni wajinga. Siku hizi sisemi.

Turudi Oktoba 2021. Nimekuja kujua kwa nini pochi ya mpwa wangu iligoma, na sababu yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Tarehe 30 Septemba mwaka ule cheti cha shina kilichoitwa DST Root CA X3, kilichotolewa mwaka 2000, kilikwisha muda wake. Juu ya cheti hicho ndipo waliposimama kwa miaka ya mwanzo Let's Encrypt, shirika lisilo la faida ambalo tangu 2015 linatoa vyeti bure. Tovuti nyingi sana duniani, hasa za watu wasio na fedha za kuwalipa wauza vyeti, zilikuwa chini yake. Shirika lilikuwa limekwisha kupata shina lake lenyewe, lakini vifaa vya zamani havikulijua. Kwa simu kuukuu za Android walipata ujanja: waliligundua jambo ambalo waandishi wa simu hizo hawakulitilia mkazo, kwamba simu ile haiangalii kama cheti cha shina kimekwisha muda. Wakaomba saini ya shina lile la zamani iendelee kutumika hata baada ya kufa kwake.

Nilicheka nilipoisoma. Mwaka 1992 nchi yetu iliporudi kwenye vyama vingi, mjumbe wa nyumba kumi alibaki kuwa kiongozi wa chama tu, na kazi ya kumtambulisha mwananchi ikahamia kwa uongozi wa kitongoji na kijiji. Lakini miaka mingi baadaye baba alikuwa bado anafuatwa pale chini ya mwembe, na ofisi nyingi ziliendelea kupokea barua zake. Hakuna aliyeangalia tarehe ya kwisha.

Programu nyingine hazikuwa na upole wa simu. Zilizobeba orodha yake ya zamani, au OpenSSL ya zamani, ziliukata mnyororo siku ile ile. Pochi ya mpwa wangu ilikuwa mojawapo. Dawa ilikuwa kupakua toleo jipya kutoka kwa wenye programu, kazi ya dakika kumi kama mtandao ni mzuri.

Mimi nilimjibu hivi: “Kama kina muhuri wao, kubali.” Nilijibu kama mjomba, kwa sauti ya mtu aliyekulia chini ya mwembe wa barua. Akabonyeza.

Fundi aliyeikagua kompyuta baadaye alitueleza kwamba faili lile halikuja na cheti kitupu. Lilikuja na kiprogramu kidogo kilichogeuza njia, ili anwani ya wenye pochi iende kwa wezi. Cheti kilikuwa cha kuzima onyo. Pochi ikafunguka, kufuli likaonekana, ukurasa ukamwomba aandike maneno yake 12 ya siri ili kuthibitisha hesabu yake. Akayaandika. Asubuhi hapakuwa na kitu. Hatukuwa na mahali pa kushtaki: aliyetuma faili hakuwa na jina, benki hatukuwa nayo, na fedha zenyewe nchini hazikuhesabiwa kuwa fedha. Ilipofika mwaka 2024, Sheria ya Fedha iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya mali za kidijitali. Nilimsikia mpwa akisema kwa uchungu kwamba sasa zinatambuliwa. Ada ililipwa kwa kuuza ng'ombe wangu. Hilo halikuwa hisani. Dada yangu hajawahi kunilaumu, nami ningependa anilaumu siku moja yakwishe.

Jioni ile fundi alipoondoka tuliifungua orodha, mimi na mpwa wangu, tukisaidiwa na taa ya sola. Alinionyesha namna ya kuifikia. Majina yalishuka kwenye kioo moja chini ya jingine, ya Kiingereza, ya Kijerumani, mengine sikuweza hata kuyatamka. Tulipitia moja moja hadi tukakipata kile tulichokikubali wenyewe. Alipotaka kukifuta, kompyuta ikamwuliza kama ana hakika. Aliniangalia, mara hii hakuniuliza, akabonyeza.

Kisha akarudi juu ya orodha, akaishusha polepole kwa kidole.

“Na hawa waliobaki, mjomba, unawajua?”

Niliyatazama tena. Katikati yake niliona neno Thawte. Nikamwambia namjua mmoja, aliyekuwa wa Afrika Kusini, ila aliuza zamani.

Akauliza, aliuza kwa nani.

Nikamwambia kwa Wamarekani, na kwamba nao, nadhani, walikwisha kuuza kwa wengine. Akaifunga kompyuta, tukaingia kula.